Njia ya Kivu, taa za Goma: kupima usalama wa mtembeaji kando ya vita

Ukisimama ufukweni Gisenyi jioni, taa za Goma, mji wa Kongo ng'ambo ya mpaka, ziko karibu mno, hata mgeni akazidhania ni mtaa mwingine wa mji uleule. Jicho lake halijakosea sana. Miji hiyo miwili imeshikana mabega, na kinachoitenganisha ni vizuizi viwili vya mpakani, Grande Barrière na Petite Barrière, ambavyo siku ya kawaida huvukwa na maelfu ya watu kwa miguu, wengi wao akina mama wenye nyanya, vitunguu na maziwa. Hapo hapo Gisenyi, katika wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, ndipo inapoanzia Njia ya Kongo-Nile: kilomita 227 za vijia vya udongo, migomba, mashamba ya kahawa na ghuba za Ziwa Kivu, hadi Rusizi kusini. Jina limetokana na mgongo wa milima unaogawa maji. Tone likiangukia upande huu huishia Mto Kongo, likiangukia upande ule huishia Nile. Kwa miguu ni kama siku kumi. Kwa baiskeli, nusu yake.

Sasa itazame ramani hiyohiyo kwa jicho la pili. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Katikati ya Februari ikafuata Bukavu, mji unaotazamana na Rusizi ng'ambo ya mto. Yaani ndani ya wiki tatu, mwanzo na mwisho wa njia hii yote miwili ilikuwa imepakana na mji uliotoka kutekwa. Siku za mapigano ya Goma makombora yaliangukia Rubavu, watu wakauawa ndani ya ardhi ya Rwanda, na shule zikafungwa. Lakini kati ya miisho hiyo miwili kulikuwa na zaidi ya kilomita mia mbili za nchi ambayo hakuna jeshi lililopigana juu yake.

Ndiyo maana swali ambalo kila mtu huanza nalo, "Huko kuna usalama?", mimi naliona halina jibu. Anayejibu ndiyo anaiwazia nyumba ya wageni tulivu ya Kibuye, katikati ya njia. Anayejibu hapana anaziwazia picha za televisheni za Januari ile. Kila mmoja ana ukweli wake, na hakuna kati yao anayekusaidia kufunga begi. Swali lenye jibu ni refu zaidi: hatari gani, kwenye kipande kipi cha njia, wiki gani, kwa mtu mwenye pasipoti ipi, na mambo yakichafuka nitatokea wapi?

Tuanze na hatari gani, kwa sababu neno "vita" limefunika vitu vitatu visivyofanana hata kidogo.

Kitu cha kwanza ni kombora. Kombora halichagui, lakini lina urefu wa mkono wake. Mzinga wa mota wa milimita 82, ule unaobebwa na kikosi kidogo cha askari wa miguu, hufika kama kilomita nne. Wa milimita 120 hufika kama saba. Roketi za Grad za milimita 122, zile zinazofyatuliwa kwa mfululizo kutoka kwenye lori, hufika kama ishirini. Chukua ramani, weka ncha ya bikari pale mapigano yalipo, uchore maduara matatu. Ukiwa Gisenyi na mapigano yako Goma, umo ndani ya yote matatu. Huna haja hata ya bikari. Siku ya kwanza ya kutembea kuelekea kusini inakutoa kwenye maduara mawili madogo. Siku inayofuata inakutoa kwenye lile kubwa. Hesabu hii ni rahisi, na nashangaa ni watembeaji wachache kiasi gani huifanya, ilhali wanaweza kukutajia uzito wa hema lao kwa gramu.

Ina matundu mawili, hata hivyo. La kwanza: duara halichorwi kutoka Goma peke yake. Minova, iliyoko ng'ambo ya ziwa, ilianguka siku chache kabla ya Goma, kisha vita ikateremka kwa ufuko wa magharibi kuelekea Bukavu. Mtu aliyekuwa akitembea kusini akidhani anaiacha vita nyuma alikuwa anatembea sambamba nayo, maji yakiwa katikati. Bahati ni kwamba maji hayo ni mengi: Kivu ina upana unaofika takriban kilomita hamsini penye upana zaidi, na kisiwa cha Idjwi kimekaa katikati kama ukuta. Tundu la pili ni ndege zisizo na rubani, ambazo pande zote mbili zimekuwa nazo. Hizo hazijali kilomita saba wala ishirini. Ila ndege hizo hutafuta kambi, ghala, uwanja wa ndege; kwa hiyo kwa mtembeaji kanuni ni ileile ya zamani, usilale jirani na kitu ambacho mtu mwingine anakitafuta.

Kitu cha pili ni kundi dogo lenye silaha, na hili halina duara. Hapa tuiache Kivu kidogo tupande kaskazini hadi Ruwenzori, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, ambako mtu hutembea wiki nzima na zaidi kufika kilele cha Margherita, mita 5,109. Hifadhi hiyo ilifungwa mwaka 1997 kwa sababu ya waasi wa ADF, kundi lenye asili ya Uganda, walioingia milimani, ikafunguliwa tena 2001. Jeshi la Uganda limekuwa likiwafuata ADF ndani ya Kongo tangu mwishoni mwa Novemba 2021. Ungedhani basi upande wa Uganda umepata nafuu. Lakini kundi linalobanwa hutawanyika, na vipande vyake huvuka mpaka vikitafuta chakula, kisasi na habari za kutangaza. Juni 2023 walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe na kuua zaidi ya watu arobaini, wengi wao wanafunzi. Oktoba 17 mwaka huohuo wakawaua watalii wawili waliokuwa fungate pamoja na mwongozaji wao Mganda, barabarani ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth, na gari likachomwa. Siku mbili kabla ya hapo Rais Museveni alikuwa ametangaza kwamba mabomu yaliyokusudiwa kulipuliwa makanisani yamezimwa huko Butambala. Butambala ni mbali sana na hifadhi ile. Anayepima hatari kwa kilomita angesema habari hiyo haimhusu. Anayepima kwa kuangalia kundi linafanya nini wiki hiyo angeiona tofauti: kundi liko mbioni, na linatafuta shabaha laini.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka ieleweke. Kombora linaulizwa: liko umbali gani? Kundi dogo linaulizwa: linataka nini, na mimi nimo ndani ya kile linachotaka? Machi 1, 1999, wapiganaji zaidi ya mia moja wa Interahamwe, wanamgambo wa Kihutu wa Rwanda, walitoka Kongo wakavamia kambi za watalii Buhoma, ukingoni mwa msitu wa Bwindi. Waliwatenganisha mateka kwa uraia. Watalii wanane waliuawa, Waingereza, Wamarekani na raia wa New Zealand, pamoja na askari wa hifadhi Mganda. Mwanadiplomasia Mfaransa aliyekuwa miongoni mwa mateka aliachiwa. Mateka wale walikuwa wamelala eneo moja, umbali uleule kutoka mpakani. Kilichowatenganisha ni kijitabu cha mfukoni.

Na kitu cha tatu, ambacho mimi nakiogopa kuliko vyote viwili, ni vita kuua kwa mkono wa mtu mwingine. Oktoba 3, 2024, meli ndogo ya abiria iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukweni kuipokea. Makumi ya watu walikufa. Hakuna aliyepigwa risasi. Lakini barabara ya kuingia Goma ilikuwa imekatwa na mapigano, kwa hiyo watu na mizigo ambayo ingepanda malori ilipanda meli. Ukitaka kujua vita inavyomfikia msafiri wa kawaida, ni hivyo: barabara inafungwa, chombo kilichobaki kinajazwa, nahodha anakubali abiria mmoja zaidi. Mpaka unafungwa ukiwa upande usio wako. Mafuta yanaadimika, bodaboda anaendesha usiku badala ya mchana. Hospitali uliyoipangia kichwani imejaa majeruhi. Mtembeaji aliyejiandaa kwa risasi anakufa kwenye boti.

Turudi Kivu, tuchukue swali la kipande kipi.

Njia nzima ina milango mitatu ya kutokea. Wa kaskazini ni barabara ya Rubavu kwenda Musanze hadi Kigali. Wa katikati ni Karongi, mji ambao wengi bado huuita Kibuye, wenye barabara ya kupitia Muhanga hadi Kigali. Wa kusini ni Rusizi: kuna uwanja wa ndege wa Kamembe, au barabara inayokatiza msitu wa Nyungwe kwenda Huye. Mlango huu wa kusini una historia yake. Desemba 15, 2018, mabasi yalivamiwa ndani ya Nyungwe, watu wawili wakauawa, na FLN, kundi la waasi wa Rwanda, likadai kuhusika. Tangu hapo askari wamejaa kwenye barabara ile, na watu hupita kila siku. Lakini ukijiuliza ni mlango upi ungependa kuutegemea wiki ambayo Bukavu inapigana, jibu unalo.

Kwa hiyo ningekuwa napanga safari hii katika kipindi chenye wasiwasi, nisingeianzia Gisenyi kwa sababu tu kitabu cha mwongozo kinaanzia hapo. Ningeifanya Karongi kuwa kitovu. Basi kutoka Kigali hadi Karongi, kisha siku kadhaa kuelekea kaskazini hadi vijiji vya Rutsiro na kituo cha kahawa cha Kinunu, halafu kurudi au kupanda barabarani. Najua kuna watu ambao bila kilomita zote 227 wanahisi wamedanganya. Siwaelewi. Njia hii si ibada ya hija. Hakuna anayekudai hesabu.

Jambo moja linaifanya Kivu kuwa rahisi kuliko Ruwenzori, na watu hawalithamini inavyostahili: barabara ya lami ya Rubavu hadi Rusizi inapita juu ya vilima, ikifuatana na vijia karibu safari yote. Karibu kila mahali unapolala, kuna njia ya kupanda hadi kwenye lami, na kwenye lami kuna mabasi. Ruwenzori hakuna kitu kama hicho. Ukiwa siku ya nne kwenye njia ya Kilembe, kutoka ni kurudi ulikotoka au kuendelea, na kati yako na gari kuna matope, baridi na ugonjwa wa mwinuko. Ndiyo maana hatari ndogo ya Ruwenzori ni nzito kuliko hatari kubwa kidogo ya Karongi. Tukiongelea Kilembe: Mei 2020 mto Nyamwamba ulifurika na kuharibu vibaya bonde hilo, hospitali ikiwemo. Milima haingojei waasi.

Ziwa nalo lina vitimbi vyake ambavyo havihusiani na bunduki. Upande wa kaskazini, kuzunguka Goma na Gisenyi, kuna kitu ambacho Kiswahili cha huko kinakiita mazuku: hewa ukaa (kaboni dioksidi) inayotoka ardhini kwenye eneo la volkano na kutuama mabondeni, isiyoonekana, nzito kuliko hewa ya kawaida. Mbuzi hufa ndani yake, watoto pia. Kambi nzuri yenye kujificha upepo, ndani ya kijibonde karibu na maji, ndiyo mahali pabaya kabisa. Hapo ndipo hofu ya vita inapoweza kukuua kwa njia ya ajabu: mtu anajificha kwenye shimo ili asionekane, na shimo lina mazuku. Lala palipoinuka, na kwanza muulize mwenyeji.

Tukija kwenye wiki gani, hapa karatasi na ardhi huachana. Juni 27, 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia saini mkataba wa amani Washington. Desemba 4 mwaka huo marais wao wakakutana huko huko kuuthibitisha. Siku chache baada ya hapo M23 wakaingia Uvira, mji wa Kivu Kusini unaotazamana na Burundi. Sisemi mikataba haina maana. Nasema mtembeaji asinunue tiketi kwa sababu ya picha ya watu wanaopeana mikono. Mara nyingi wiki za kuelekea kwenye saini ndizo wiki ambazo kila upande unataka kuketi mezani ukiwa umeshika mji mmoja zaidi.

Dalili za kweli ni za chini kuliko hizo. Petite Barrière: akina mama wa nyanya wanavuka? Saa ngapi mpaka unafungwa leo, na jana ulifungwa saa ngapi? Mpaka unaofungwa mapema kuliko kawaida unasema jambo ambalo msemaji wa serikali hajasema bado. Bei ya unga na mafuta imerukaje tangu Jumatatu? Wenye nyumba za wageni wanapokea watu wenye magodoro juu ya gari? Wazazi wanawapeleka watoto kwa bibi vijijini? Huhitaji kumhoji mtu kama mwandishi wa habari, na tafadhali usifanye hivyo. Mambo ya kijeshi si mazungumzo ya kupitisha muda katika nchi ile. Ukitulia kwenye kibanda cha chai unayaona.

Hapa Kiswahili kinakupa kitu ambacho mgeni wa Ulaya hana. Gisenyi na Kamembe utasikilizana na watu wengi, na tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda. Vijijini katikati ya njia ni Kinyarwanda, na hapo mwongozaji wa huko ndiye masikio yako. Lakini lugha hiyohiyo itazua swali: umetoka wapi? Nalo si swali jepesi eneo hilo. Wanajeshi wa Kenya walikuwa Kivu Kaskazini kati ya Novemba 2022 na Desemba 2023 chini ya jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tanzania, Afrika Kusini na Malawi walipeleka wao chini ya SADC kuanzia Desemba 2023, wakapigana na M23, na mwaka 2025 wakaondoka kwa kupitia Rwanda hadi Tanzania. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, na askari wake wamepigana upande wa serikali ya Kongo. Rwanda yenyewe si jirani mtazamaji. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza kwamba majeshi yake yanasaidia M23, nayo Rwanda imekuwa ikikana, ikisema inajilinda. Sidai kwamba Mtanzania au Mkenya anasumbuliwa kwenye vijia vya kahawa. Nasema kwamba ukisimamishwa na doria usiku ufukweni, pasipoti yako ina maana ambayo ya mwenzako Mholanzi haina, na ni vizuri ulijue hilo kabla, ujibu kwa utulivu, uwe na karatasi zako, na usiwe na picha za daraja, kizuizi au askari kwenye simu.

Ndipo nafika kwenye ushauri wa safari wa serikali, kitu ambacho watu ama hukiabudu ama hukidharau. Marekani hupanga nchi kwa ngazi nne, kutoka tahadhari ya kawaida hadi usiende kabisa. Uingereza huchora ramani yenye rangi, ikiwa na hatua mbili nzito: usiende ila kwa jambo la lazima, na usiende kabisa. Ni kazi iliyofanywa kwa makini, na mimi huisoma kila mara. Lakini wahenga wa pwani walisema usisafirie nyota ya mwenzio, na hizi ni nyota za watu wengine. Zinazingatia mwenye pasipoti ile atalengwa au la. Zinazingatia ubalozi wao unaweza kumfikia au la: sehemu ambayo maofisa wao hawaruhusiwi kwenda huwekwa rangi nyekundu hata kama ni tulivu, kwa kuwa raia wao wakikwama huko ubalozi hautakuja kuwachukua. Na huchorwa kwa mistari ya utawala, wilaya au kilomita kadhaa kutoka mpakani, ilhali njia ya miguu inaingia na kutoka kwenye mistari hiyo mara tatu kwa siku.

Kwa hiyo isome kwa kutafuta sababu, uache rangi. "Kutekwa nyara" na "makombora" na "uwezo mdogo wa kusaidia raia wetu" ni sababu tatu tofauti zinazoweza kuzaa rangi moja. Ya kwanza inakuhusu kwa kiasi fulani, ya pili inakuhusu sawasawa na yeyote, ya tatu haikuhusu hata kidogo, maana ubalozi wao haukuwa unakuja kukuchukua wewe.

Ila kuna mahali ambapo rangi zile zina nguvu juu yako utake usitake, nako ni bima. Bima nyingi za safari haziilipi safari iliyofanywa kinyume cha ushauri wa serikali, na karibu zote zina kifungu kinachoitoa vita nje. Kifungu hicho kisome chote, pamoja na maandishi madogo. Kuokolewa kwa ndege ya wagonjwa, kama zile za AMREF zinazoruka kutoka Wilson, Nairobi, kunahitaji anga iliyo wazi na uwanja unaotumika, na siku unayoihitaji zaidi ndiyo siku ambayo hivyo viwili havina uhakika. Karongi hadi Kigali ni safari ya saa chache kwa gari. Usipange uokozi wa ndege mahali ambapo gari litafika kwanza.

Sasa sharti la kugeuka, ambalo kwangu ndilo kiini cha maandalizi yote. Liandikeni mkiwa nyumbani, kabla hamjalipa, na liwe jambo linaloonekana kwa macho au kusikika kwa masikio, lisiwe "tukihisi si salama". Hisia za mtu aliyetembea siku sita na kulipia kumi hazina uaminifu. Atahisi anachotaka kuhisi. Sharti langu lingekuwa hivi: vizuizi vyote viwili vya Goma vikifungwa mchana kutwa, tunapanda barabarani asubuhi inayofuata. Tukisikia silaha nzito tukiwa kambini, tunapanda. Mwenyeji akituambia yeye angekuwa ni sisi asingeendelea, tunapanda, hata kama hatoi sababu. Mmoja kati yetu akitaka kupanda, wote tunapanda, na hakuna atakayemkumbusha pesa. Hili la mwisho ni gumu kuliko yote. Nimeliona likivunja urafiki milimani ambako hakukuwa na vita hata ya kuku.

Kuhusu masikio, onyo dogo: majira ya mvua, radi ya Kivu hupiga juu ya maji, ikajibiwa na milima ya upande wa pili, na mgeni yeyote wa mwaka 2025 angeapa ni mizinga. Subiri dakika tano. Radi huja na umeme na harufu ya mvua, na wenyeji hawakatizi mazungumzo.

Simu nayo usiitegemee peke yake. Kando ya ziwa hushika mtandao wa ng'ambo bila kukuuliza na kula salio. Na Umoja wa Mataifa ulieleza mwaka 2024 kwamba mawimbi ya GPS yanavurugwa mashariki mwa Kongo, jambo lililosumbua hata ndege za misaada. Kidoti cha buluu kikiwa katikati ya ziwa wakati wewe uko kwenye migomba, usishangae. Beba ramani ya karatasi. Acha ndege yako ndogo ya kupigia picha nyumbani. Ukiirusha kilomita chache kutoka Goma, hakuna askari atakayeamini kwamba ulikuwa unapiga picha ya machweo.

Kuna hesabu nyingine ambayo watembeaji hawapendi kuifanya. Unapoajiri mwongozaji na mpagazi, hatari uliyoipima kwa ajili yako umeipima na kwa ajili yao, na wao hawana tiketi ya kurudi. Yule mwongozaji wa Malkia Elizabeth aliuawa pamoja na wageni wake. Mei 2018, upande wa Kongo, mlinzi wa hifadhi ya Virunga, Rachel Masika Baraka, aliuawa akiwalinda watalii wawili Waingereza waliotekwa. Wao waliachiwa siku mbili baadaye, na hifadhi ikafungwa kwa wageni hadi mwanzoni mwa 2019. Upande wa pili wa mizani, nyumba za wageni za Rutsiro zilizokosa wateja kwa sababu ya vita ambayo haikuzifikia zina watu wanaolipa ada za shule kwa vitanda vile. Sina fomula. Ninachofanya ni kumuuliza mwongozaji peke yake, mbali na tajiri wake, kama angeenda na mdogo wake wiki hii. Na nalipa siku zote kumi hata tukigeuka siku ya tatu, ili asiwe na sababu ya kunidanganya.

Usiku, ukiwa umelala Kinunu au Kibuye, utaona taa juu ya maji. Ni wavuvi wa isambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, boti tatu tatu zilizofungwa pamoja kwa miti mirefu, wanaimba ili makasia yaende sawa. Usiku mmoja taa zinaweza zisiwepo. Kabla hujaamsha wenzako, tazama juu: mbalamwezi ikiwa kamili hawaendi, kwa kuwa taa haivuti samaki. Kumbuka pia kwamba kila mwaka uvuvi hufungwa miezi kama miwili ili samaki wazaane. Kama anga ni giza na msimu haujafungwa, vaa viatu ukamgongee mwenye nyumba.